Tiketi za Jukwaani Zimeisha

Kazi ya kuuza tiketi haikutaka kujua nyuso za watu, ilitaka kujua mikono yao. Dirisha letu lilikuwa kitundu kilichotobolewa kwenye mbao, upana wake kama sinia ndogo, nacho kilikuwa chini kiasi kwamba mnunuzi akisimama wima humwoni uso. Unaona mikono, vifungo vya koti, na labda ncha ya tai. Sauti inakujia kutoka juu. Nilikaa nyuma ya kitundu hicho Jumapili chache za kila mwaka, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, kwenye mbio za magari zilizofanyika ng'ambo ya msitu, mahali tulipoweza kufika kwa miguu kutoka kwetu Kianda, Kibera.

Hizi hazikuwa zile mbio za kuzunguka nchi nzima na kurudi na matope hadi kwenye paa. Zilikuwa za magari mawili mawili kwenye barabara moja iliyonyooka. Taa ikiwaka kijani yanachomoka, na hujameza mate yamefika. Ndiyo maana mahali pa kukaa palikuwa jambo kubwa. Jukwaa lilijengwa mwanzoni mwa barabara, lina paa la mabati, na viti vyake vina namba na mito ya kukalia. Nyasini kulikuwa kwenye kilima kidogo kule mwisho, kila mtu na gazeti lake la kutandika chini. Wa jukwaani waliona magari yakiondoka. Wa nyasini waliona magari yakipunguza mwendo, yaani waliona mambo yakiwa yamekwisha, kisha wakarudi makwao wakisema walikuwa mbioni.

Msimamizi wetu alikuwa bwana mmoja mnong'onezaji, hata akikuomba kalamu utadhani anakupa siri ya serikali. Siku yangu ya kwanza aliniwekea kando furushi la tiketi za waridi zilizofungwa kwa mpira.

"Hizi za jukwaani usitoe ovyo ovyo," akaninong'oneza. "Ni za wageni wetu. Watu wengine wakiuliza, sema zimeisha."

"Si niseme tu zimewekwa?"

"Ukisema zimewekwa wataanza kuuliza zimewekewa nani. Zimeisha. Hapo hakuna swali."

"Na hao wageni nitawajuaje?"

"Si unaona mikono."

Sitajifanya kwamba nilishtuka. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, nimemaliza kidato cha nne na cheti changu kimelala chini ya godoro, na bwana huyo alikuwa ameniahidi kazi ya kudumu katika ofisi yao mjini kama nitafanya vizuri pale dirishani. Nikajifunza mikono upesi kuliko nilivyojifunza hesabu. Mikono ya saa na pete, jukwaani. Mikono ya kucha nyeusi, zimeisha. Mwisho wa msimu wa kwanza nilikuwa naitamka "zimeisha" hata kabla mtu hajamaliza kuuliza.

Sasa baba yangu alikuwa fundi wa giaboksi. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akapanga chumba Kianda, na kila asubuhi alikata Barabara ya Ngong kwa miguu hadi gereji moja ya uwanjani huko Kawangware. Hakuwahi kuwa na gari. Alijua magari kwa upande wa chini, kama vile mtu anavyojua nyumba kwa kuchimba msingi wake. Mimi aliniita mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na hakuniita jingine tangu nilipozaliwa.

Mwaka ninaousema, kijana mmoja tajiri alileta kwenye gereji hiyo gari jekundu la mashindano. Gia ya pili ilikuwa inaruka. Kila akiiweka inatoka, na kwenye mbio za namna ile gia ya pili ndiyo yote, kwa maana inashikwa pale pale mwanzoni, gari likiwa halijafika hata mwisho wa jukwaa. Mafundi wa mjini walikuwa wameshindwa. Baba alilala chini ya gari hilo mwezi mzima. Alichonga kipande cha chuma kwa tupa, akakiweka, akakitoa, akakichonga tena. Usiku alikuwa akisogeza mkono hewani pale kitandani, mama mzazi akimwambia alale.

"Hiyo gari ikienda, mimi nataka nione ikishika namba mbili," alituambia wiki ya mbio tukinywa chai. "Sitaki kuambiwa. Nataka kuona."

"Baba, niongee na msimamizi akutafutie kiti?"

"Wachana na hiyo, mama. Usiharibu kazi yako. Nitanunua kama watu."

Ningeweza kusema neno hapo. Ningeweza kumwambia kwamba watu kama yeye hawanunui, kwamba binti yake ndiye anayewazuia. Nilimwambia aje mapema, basi. Nikajidanganya kwamba mapema ingesaidia.

Alikuja mapema kweli. Mikono iliingia dirishani, nami niliijua kabla haijaweka pesa. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na ukucha bapa, jeki iliwahi kukiangukia. Alikuwa ameisugua ile mikono kwa mafuta ya taa na mchanga hadi ngozi ikawa nyekundu kwenye viungo, lakini weusi wa kwenye kucha haukutoka, na haungetoka. Juu yake niliona mkono wa koti lake la kanisani. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu, karibu kiasi kwamba nilisikia anavyotafuna peremende.

"Dada," ile sauti ikasema, "nipe moja ya jukwaani."

Dada. Hakuniita mama. Alijifanya hanijui ili mtu yeyote asije akasema napendelea watu wa kwetu. Alinifunika, tuseme, pale pale mbele ya msimamizi wangu, bila kujua kwamba ananirahisishia kazi.

"Mzee, zimeisha," nikasema. "Kuna za nyasini."

Mikono ilitulia kidogo juu ya mbao. Furushi la waridi lilikuwa kwenye paja langu, chini ya sketi niliyokuwa nimeikunja kulificha. Kisha akachukua noti moja, akaacha nyingine, nami nikampa tiketi ya nyasini na chenji yake. Akasema asante. Sikuwahi kumwita baba yangu mzee hata siku moja, na neno hilo lilitoka laini, kama nimelifanyia mazoezi.

Aliyefuata alikuwa na saa ya dhahabu. Alitaka mbili za jukwaani. Nikaufungua mpira, nikampa mbili.

Madirisha yalipofungwa niliruhusiwa kusimama kando ya jukwaa. Safu mbili nzima zilikuwa tupu, mito imepangwa, hakuna mgeni aliyetokea. Gari jekundu likaja kwenye mstari. Taa ikawaka, likachomoka, na nikasikia gia ya pili ikiingia safi bila kuruka, halafu ya tatu, na watu waliokuwa jukwaani wakapiga makofi kwa kumshangilia dereva. Niliangalia kule kilimani. Palikuwa mbali, ni rangi za nguo tu. Niliona aibu, na bado nilikuwa nahesabu kama kazi ya ofisini nimeipata. Niliipata.

Jioni baba alivua koti lake, akaketi.

"Iliingia," alimwambia mama. "Nilifunga macho nikaisikia. Tiketi za jukwaani zilikuwa zimeisha."

Hakuniangalia wala hakunikwepa. Nikashukuru kwamba hajui, na nikajichukia kwa shukrani hiyo.

Siku mbili baadaye, nikiwa kwenye foleni ya maji, jirani mmoja alinigonga begani. "Wewe kumbe hujuani na mtu! Baba yako ametuambia. Eti hata yeye mwenyewe ulimwambia zimeisha, ukamtuma nyasini kama mtu wa kawaida." Akacheka, na wenzake wakaniangalia kwa heshima. Baba alikuwa amewasimulia. Aliwasimulia Kianda nzima, akawasimulia wenzake wa kanisani, na fundi viatu mmoja wa Makina, mtaa wa jirani, aliyemtengenezea soli. Kwamba ana binti asiyependelea mtu. Kwamba kiti kikiisha kimeisha, hata uwe umemzaa.

Hadithi hiyo ilinitangulia kila mahali. Nilipochumbiwa na kijana wa Kawangware, ambaye watu wake walikuwa na ploti zao za vyumba vya kupangisha na hawakufurahia kusikia mtoto wao anaoa binti wa mpangaji kutoka ziwani, ami yake alimuuliza baba mbele ya wote: huyu msichana wenu ana sifa gani? Baba akakohoa, akaweka mikono yake juu ya magoti, akaanza: siku moja nilienda kununua tiketi ya jukwaani. Wazee wakasikiliza hadi mwisho. Nilipoolewa, funguo za ploti nilipewa mimi, si wake wa mashemeji zangu. Ami alisema waziwazi, mpeni huyo, hana upendeleo. Nilibeba funguo hizo miaka mingi na zilikuwa zinanilemea kuliko uzito wake.

Nilivumilia hadi Krismasi moja baba alipokuja kwetu kula. Alikuwa ameacha gereji, mgongo umemshinda. Aliisimulia tena mezani, kwa watoto wangu safari hii, nao wakaniangalia kama mtu wa kwenye kitabu. Mchana nilimsindikiza hadi Barabara ya Ngong. Tulikuwa wawili tu.

"Baba, siku ile tiketi zilikuwepo."

Hakupunguza mwendo. "Najua."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa bado hapo pembeni nafunga chenji kwa leso. Huyo mtu wa saa akakuja. Nikasikia ule mpira ukilia ukiufungua."

"Sasa mbona miaka hii yote unawaambia watu..."

Akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona amekasirika hivyo, yeye ambaye hata boliti ikikatika alikuwa anaongea nayo polepole.

"Ulitaka niseme nini? Niwaambie watu binti yangu alinificha tiketi? Hiyo stori nimeichonga mpaka ikashika. Ilikuwa inatosha wewe na ilikuwa inatosha mimi. Nilikuwa karibu kuiamini. Sasa umekuja kuifungua, wewe ndio upumzike."

Nilisema naomba msamaha. Alisema sawa, akavuka barabara, akaelekea Kibera bila kugeuka. Nilidhani nimetua mzigo. Ilinichukua mwaka mzima kuelewa kwamba niliutua juu yake.

Krismasi iliyofuata alikuja tena, maana si mtu wa kununa. Kulikuwa na mkwe mpya mezani, na ami, ambaye sasa alikuwa mzee sana, akamwambia baba, hebu msimulie huyu ile ya tiketi. Watoto wangu wakaacha kutafuna. Baba aliinama kwenye sahani yake.

"Hiyo imeisha," akasema. "Kuna chumvi?"

Chumvi ilikuwa karibu nami. Niliinuka nikampelekea mwenyewe, nikaiweka karibu na ule mkono wenye ukucha bapa.

"Asante, dada," akasema, na watu wote mezani wakacheka, wakidhani ni utani.