Jogoo Aliyechinjwa na Mama Frank

Doris Komba, ambaye mtaa mzima wa Chuno unamwita Mama Frank, alikuja Mtwara kutoka Songea akimfuata mume aliyepata kazi bandarini. Mume alipofariki, akabaki na wanawe na kibanda cha chakula. Wateja wake karibu wote ni Waislamu, na hilo halikuwahi kumpa shida. Kuku wake walichinjwa na jirani yake Sudi, Baba Nasra, mume wa shoga yake Mwanaidi, ambaye kila alfajiri akitoka msikitini alipitia uani kwake, akapiga bismillahi, akachinja, akaenda zake. Hata kuku wa Krismasi alimchinja yeye.

Mwezi uliopita Sudi alikwenda msibani Msimbati. Mchana mmoja pikipiki ikamgonga jogoo wa Doris mbele ya kibanda. Jogoo akawa anagaragara vumbini, roho haitoki. Doris akashika kisu cha vitunguu, akammaliza pale pale, vijana wa bodaboda wakitazama. Jioni akamla na wanawe. Sufuria ya wateja siku zile ilikuwa ya dagaa na maharage.

Kesho yake Amiri, mmoja wa vijana wale, akasimama mlangoni.

“Mama Frank, jogoo wa jana kaswaliwa au kabatizwa?”

Wenzake wakaangua kicheko. Doris naye akacheka, akidhani ni utani tu. Wiki haikuisha, mabenchi yakawa matupu.

“Wanasema unawalisha kibudu, shoga,” Mwanaidi alimwambia. “Nimewakatalia mpaka koo limenikauka.”

“Na wewe je?”

“Mimi nakuamini.” Lakini sahani aliyopewa aliifunika, akasema atakula nyumbani.

Doris akaenda Chikongola, kwenye kituo cha msaada wa kisheria. Akapokewa na Nuru, mwanamke mpole mwenye hijabu ya kijivu.

“Katiba inakulinda, dada. Hakuna anayeruhusiwa kukubagua kwa dini yako. Mwenye kiwanja kilipo kibanda chako amekufukuza?”

“Hapana. Amenipa pole.”

“Kuna aliyekutishia? Aliyekutukana?”

“Hapana. Wananiamkia vizuri tu.”

“Basi aliyesema unalisha kibudu, huyo tunaweza kumshitaki kwa kukuchafulia jina. Ni nani?”

Doris akafikiri. “Kila mtu. Kila mmoja anasema alisikia kwa mwenzake.”

Nuru akavua miwani, akaifuta ingawa haikuwa na vumbi. “Sheria inaweza kumzuia mtu asikuonee. Kumlazimisha akae ale, haiwezi. Jaribu usuluhishi kwa mwenyekiti wa mtaa. Huyo mchinjaji wako akisimama mbele ya watu, huenda wakarudi.”

Kikao kikaitishwa. Watu wakaja wengi, wakasema mazuri matupu. Mama Frank ni mwenzetu. Mumewe tulimzika sote. Hapa hatuna ubaguzi. Mwisho mwenyekiti akamgeukia Sudi, aape kwamba Doris hajawahi kuwapikia wateja kuku ambaye yeye Sudi hakumchinja. Doris akabana vidole mapajani. Kibanda chote kilikuwa mdomoni mwa mtu yule.

Sudi akasimama. “Niliowachinja nawajua. Siku zile za msiba sikuwepo. Nisichokiona siwezi kukiapia.”

“Baba Nasra, siku zile sikupika kuku wa wateja!”

“Nakuamini, mama.”

“Basi sema hivyo.”

“Kuamini, nakuamini. Kuapa ndiko siwezi.”

Hakusema kwa ubaya. Doris alimtazama, akatafuta hata chembe ya chuki ili apate pa kukasirikia, hakuiona. Kikao kikafungwa, watu wakampa mkono mmoja mmoja, mwenyekiti akasema suala limekwisha.

Kesho yake asubuhi Doris akabandika wali kama kawaida. Mpaka saa saba alikuwa amekuja mtu mmoja tu: Amiri.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nikupakulie?”

“Nipe soda.”

Doris akaifungua, akanyoosha mkono kuchukua glasi.

“Usijisumbue na glasi, mama,” Amiri akasema kwa adabu. “Nitanywa kwenye chupa.”

Akaufuta mdomo wa chupa kwa pindo la shati lake, akaenda kunywea kwenye pikipiki.