Jogoo wa Mgeni

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa na maradhi ya swali moja. Ukimwambia leo mvua itanyesha, anakuuliza, "Umejuaje?" Ukimwambia mwezi umeandama, fulani ni mchawi, mchuzi umezidi chumvi, jibu lake ni lile lile. Marehemu mama alimwombea dua swali hilo limtoke, halikumtoka. Mimi nilitamani kumrushia mwiko, na sitasema uongo, nimewahi kumrushia.

Niliolewa Kilwa. Mume wangu akanileta Lindi, akajenga nyumba ya udongo pale Mtanda, akaiezeka makuti, kisha akafariki kabla hatujaizoea vizuri. Eda ilipokwisha, shemeji zangu wakaleta salamu kutoka Kilwa: mjane hakai peke yake, nirudi, watanitafutia mahali. Mahali penyewe nilipajua. Ni jikoni kwa wake zao, nyuma ya sufuria. Nikawajibu kwa adabu kwamba nashukuru, ila mimi nina kuku. Nikaambiwa walicheka sana.

Lakini kuku walikuwa kweli. Mdachi alikuwa ameshajenga boma lake, meli za moshi zilikuwa zinatia nanga, na watu wa boma na wa melini wote walitaka nyama. Nilifuga kuku uani kwangu, wengine nikinunua vijijini, Mitwero na Mingoyo, nawatia tengani nampelekea mpishi wa boma. Kuku hao ndio walionishikilia nyumba. Siku wakikoma, ningefunga virago nikaoshe sufuria za Kilwa.

Mpishi alikuwa mtu wa Pangani, mwenye tumbo na maneno. Siku moja akachungulia tengani, akachungulia tena, akaniambia, "Bibi, mimi nilikuagiza kuku. Hawa kwale."

Niliumia, kwa kuwa alisema kweli. Kuku wangu wa mwanzo walikuwa kuchi wa Kilwa, warefu, jogoo akisimama anachungulia chunguni. Mwaka hadi mwaka walikuwa wamekwenda wakipungua mwili. Na sababu niliijua, au nilijiona naijua: kijicho. Jirani yangu wa ua wa pili, mama wa Kimwera, alikuwa kila asubuhi akiwasifu. "Eh, kuku wako wanene!" Basi, hivyo tu, bila mashaallah. Mtu gani anasifu mali ya mwenzake bila mashaallah? Nikatundika hirizi mlangoni pa banda. Mama wa Kimwera alipokuja kuomba moto wa kuwashia jiko, nikamwambia wangu umezimika, na huku moshi unatoka juu ya paa.

Mdogo wangu wakati huo alikuwa akifuata misafara ya bara, wanateremsha nta na mpira. Kila akirudi pwani alifikia kwangu. Alipofika safari ile akaiona hirizi kabla hajaketi.

"Dada, hiyo ya nini?"

"Ya kijicho. Yule wa ua wa pili kaniharibia kuku."

"Umejuaje?"

"Huwaoni walivyo wadogo?"

"Wake yeye wakubwa?"

"Wadogo vile vile."

"Na hawa ulionunua Mitwero? Na wa Mingoyo?"

"Wadogo."

"Basi ana jicho refu," akasema, akaenda kunawa.

Nilimezea, kwa kuwa ni mgeni, na mgeni kwetu ana haki yake. Nilikuwa nimeshamchinjia jogoo, yule mkubwa kuliko wote, kama nilivyofunzwa na mama, naye na mama yake. Mgeni wa heshima hupewa jogoo mkubwa. Ukimpa mdogo umemtukana, ukimpa mtetea umemfukuza. Akala kwa furaha, na paja likiwa mkononi akaanza tena.

"Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa?"

"Ndiye. Jisifu."

"Kabla yake alikuwepo mwingine?"

"Alikuwepo. Walikuja shemeji zangu kunichungulia, nikawachinjia."

"Na kabla ya huyo?"

"Alikwenda bomani."

Akatafuna, akameza. "Basi hawa vifaranga wanaopita hapa, baba yao nani?"

Nikageuka kutazama uani. Palikuwa na kijogoo kimoja chenye upara mgongoni, kinachechemea, hakuna aliyewahi kukitamani. Ndicho kilichobaki. Kila mwaka tuliwachukua wale wakubwa tukawachinjia wageni, tukawauzia Wazungu, na kazi ya kuzaa tukamwachia yule asiyefaa kuliwa. Halafu tukashangaa watoto wanafanana na baba yao. Mitwero hivyo hivyo, Mingoyo hivyo hivyo, maana wote tuna adabu moja.

Nilikasirika siku kadhaa. Ukimkasirikia jirani, una pa kuelekeza macho. Mimi nilikuwa nimkasirikie nani? Adabu ya mama yangu? Mwishowe nikachukua kaa la moto katika kigae, nikampelekea mama wa Kimwera mlangoni kwake bila kuombwa. Akanitazama, akalitazama kaa, akasema, "Kumbe umewaka tena." Tukacheka, mimi kwa aibu zaidi.

Nikaagiza jogoo wa kuchi kutoka Kilwa, nikaapa huyu hauzwi wala hachinjwi, aje nani. Katika wanawe nikawa nachagua: mwenye mwili na mpole anabaki, mdogo au mkorofi anakwenda tengani mapema. Wageni nikawapa kuku waliokoma kutaga. Watu walinisema hadi msikitini. Wakasema ukenda kwa bibi yule utachinjiwa bibi mwenzake. Neno mchoyo nililisikia kila kona, nami nikalizoea, kwa kuwa kadiri misimu ilivyopita mpishi wa boma alikuwa akilipokea tenga kwa mikono miwili na kuniita mama.

Hapo nikavimba kichwa. Nikawa nafundisha watu. Mdogo wangu alipopita tena nikamwonyesha uani, kuku weupe, wazito, watulivu. Nikitikisa kibuyu cha mtama wanakimbilia miguuni kwangu. Wale wachache weusi wanaolala juu ya makuti nikamwambia ni takataka, nikiwapata nawamaliza.

"Hawa weupe ndio bora," nikasema.

"Umejuaje?"

"Mpishi kasema!"

"Mpishi si mwewe," akanijibu.

Mwiko ulimkosa kidogo tu.

Safari hiyo ndiyo aliyoondokea na asirudi kama desturi yake. Tulianza kusikia habari za bara, kwamba watu wamekunywa dawa na risasi za Mdachi zitageuka maji. Kabla hajaondoka alikuwa amekutana na mmoja aliyekuwa akiyaeneza hayo, akamwuliza swali lake, akakosa jibu, nusura apigwe. Jioni yake akamsikia tajiri wa nta akisema hakuna vita, Wadachi watamaliza mambo kwa wiki moja, naye akamwuliza vile vile. Tajiri akamwambia afunge mzigo wake. Akaniaga akicheka, akaenda bara, vita vikafunga njia nyuma yake.

Lindi mjini tulipata vita kwa njia ya askari. Waliingia nyua zetu wakitafuta chakula. Aliyeingia kwangu alikuwa kijana, hata hakuwa mkali. Alisimama katikati ya ua, akatikisa mfuko wake wa risasi. Kuku wangu weupe, watulivu, niliowachagua mwenyewe, wakasikia sauti ile wakadhani mtama. Wakamkimbilia miguuni. Hakuhitaji hata kuinama sana.

Nilikaa kizingitini nikatazama manyoya. Waliobaki walikuwa juu ya makuti: wale weusi, wasiomwamini mtu, niliotaka kuwamaliza. Nikalikumbuka neno la mpishi na mwewe, nikalia. Nilikuwa nimelitoa kosa moja la mama nikaweka langu mahali pake, tena kwa majigambo. Mkubwa na mpole alikuwa bora kwa miaka ya meli. Miaka ya askari ilitaka kuku wa namna nyingine, na mimi sikuwa nimeulizwa.

Kisha ikaja njaa. Watu walishuka kutoka bara wakiwa mifupa. Mama wa Kimwera alipoteza ndugu zake wengi huko; tulikula mizizi pamoja, na akipata kipande cha muhogo tuligawana. Kuku sikuwagusa. Walijitafutia wenyewe, wakataga vichakani, wakarudi juu jioni. Katikati yao alikuwamo jogoo mmoja tu, mtoto wa yule kuchi kwa mama mweusi. Mrefu kama baba, mwoga kama mama. Mtanda nzima hakukuwa na jogoo mwingine.

Vita vikapoa. Meli zikaanza kutia nanga tena, na mpishi wa boma akaniletea salamu: mama, una chochote? Siku hizo hizo shemeji zangu nao wakatuma salamu, maana waliona sasa nimekwisha. Nikampata jogoo kwa hila na wavu, nikamweka jikoni usiku, mchana namwachia na mitetea. Nyumba yangu yote ilikuwa imesimama juu ya miguu miwili ile ya njano.

Mdogo wangu alirudi baada ya sala ya alasiri. Sikumjua. Niliona mtu na fimbo mlangoni, miguu imevimba, akasema, "Shikamoo, dada," nikaitikia marahaba kama ninavyomwitikia mpita njia, kisha nikaitambua sauti. Nilimshika uso kwa mikono yangu. Nilikuwa nimeshamsomea hitima.

Alieleza kidogo tu. Alisema alipofika Mingoyo alikuwa amefikia kwa jamaa zetu, wakampokea kwa shingo upande, akaondoka siku ile ile. Alikuwa hivyo tangu utoto. Akihisi amekuwa mzigo hakai, hata kama ana homa. Kisha akajilaza mkekani, nami nikaingia jikoni kupika, na jogoo, niliyekuwa nimemfungia mapema siku hiyo, akanitazama.

Nani anastahili jogoo kama si huyu? Shemeji zangu niliwachinjia. Ndugu yangu karudi kutoka kwa wafu, nimpe nini? Nilikichukua kisu. Nikafikiri: nikimchinja, hakuna vifaranga tena, hakuna tenga, na ukuta huu alioegemea mgonjwa wangu utakuwa wa shemeji. Nisipomchinja, ataelewa kwamba hapa pia ni mzigo, ataichukua fimbo yake, na kwa miguu ile hatafika mbali. Nilijiuliza swali lake: nimejuaje kama ataondoka? Nikamfunika jogoo kwa tenga na juu yake gunia, nikamkamata kuku mweusi mzee aliyekoma kutaga, nikamchemsha mpaka supu ikawa nzito, nikamnywesha kwa kata. Alikunywa yote. Hakuuliza kitu, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Alfajiri jogoo akawika. Gunia halikusaidia chochote. Aliwika kikuchi, kwa sauti nene, hata wa msikitini walisikia. Nikalala nimekaza macho, nikasikia kikohozi chumbani kwa mdogo wangu. Yu macho. Nikasikia mkeka, kisha fimbo ikigusa sakafu.

Nikaenda mbio. Alikuwa ameketi, fimbo magotini.

"Dada," akasema, "una jogoo."

"Ninaye." Nikaanza kumweleza habari za askari, za makuti, za mpishi, maneno yananigongana kinywani, naye akaninyooshea kiganja ninyamaze.

"Wa Mingoyo walinichinjia jogoo," akasema. "Wamenuna, lakini walichinja. Nikajua mimi mgeni, nikaondoka." Akaiweka fimbo ukutani, mbali na mkono wake. "Hapa nimefika nyumbani."

Nilitaka kulia. Nikaona heri nimwulize na mimi, angalau mara moja katika maisha yangu.

"Umejuaje?"

Jogoo akawika tena kule jikoni. Mdogo wangu akamwelekezea kidole, akavuta shuka mpaka shingoni, akalala.