Bao la Kila Jumapili

Zama za ruksa zilipoingia, sabuni ilirudi madukani, nami nikarudi Nyamuswa kutoka mpakani na jenereta, televisheni, deki ya video na kaseti moja. Moja tu. Ilikuwa mechi ya timu za kigeni tusizozijua, iliyoamuliwa kwa bao la dakika ya themanini. Niliionyesha kila Jumapili baada ya misa, ndani ya ghala la pamba lisilo na pamba.

Ungedhani watu wangechoka. Wapi! Kufikia Jumapili ya tatu kijiji kilishagawanyika, na mashabiki wa timu iliyofungwa walikuja na matumaini mapya kila wiki. Waliitisha hata kikao kumjadili beki wa kushoto, wakapitisha azimio kwamba aache kupanda mbele.

Mstari wa kwanza alikaa babu yangu. Alisema yule kipa wa timu iliyofungwa ni baba mdogo mtupu, kitinda mimba wake aliyekwenda vita vya Uganda asirudi, na ambaye babu alikataa katakata tumfanyie matanga. Mimi nilimwona Mzungu mwenye masharubu. Babu aliona namna alivyovuta soksi, vilevile kama mwanawe. Alimsemesha kwa Kiikizu, lugha yetu ya nyumbani, ili aelewe vizuri.

"Babu, hii imeshachezwa," nilimwambia kwa hasira. "Haibadiliki."

"Sukari ilipoteaga, ikarudi. Sabuni ilipoteaga, ikarudi. Huyu ndiyo ashindwe kudaka mpira?"

Kila Jumapili bao lile lilipoingia alifunika uso kwa kofia. Niliona aibu, kana kwamba ni mimi niliyepiga.

Jumapili ya kumi na moja uvumilivu ulinishinda. Mshambuliaji alipoinua tu mguu, nikazima jenereta. Nikasema mafuta yameisha. Walinitukana, wengine wakataka kunipiga. Babu akasimama, akawaambia waniache.

"Ameudaka," alisema, akaondoka.

Jumapili iliyofuata nilimwekea kiti chake, hakuja. Nikamfuata, nikamkuta zizini akikamua.

"Nije kufanya nini? Kazi yake ameshamaliza," alisema bila kugeuka. "Kamwambie bibi yako atafute unga. Tumfanyie mtoto matanga."