Mbwa Waliobaki Mahameni

Malori yaliyowahamisha watu kutoka makazi yao ya kale, mbali kidogo na Isikizya, hadi kijiji kipya cha ujamaa, yalibeba kila kitu ila mbwa. Kuku walifungwa miguu wakawekwa juu ya magunia ya michembe, yaani viazi vikavu, vinu vikapandishwa, hata milango ya tembe iling'olewa ikaenda na wenyewe. Dereva alisema lori la serikali halibebi mbwa, na watu hawakubisha, kwa kuwa waliamini mbwa watafuata harufu. Hawakufuata. Mbwa wa huko hakufunzwa kuandamana na watu. Alifunzwa kulinda ua. Wakabaki mahameni wakilinda nyua zisizo na mtu.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana, bwana mifugo msaidizi, mtoto wa fundi cherehani wa Tabora mjini. Nyumbani kwetu paka aliheshimiwa na mbwa aliepukwa. Mama aliponiona mara ya kwanza nikiosha mikono kwa udongo baada ya kazi, alishika kiuno.

"Mwanangu, katika kazi zote za serikali, wewe umegawiwa mbwa?"

Baba hakuinua macho kwenye cherehani. "Muache. Najisi ina maji yake na udongo wake. Ukatili hauna maji ya kuuosha."

Sijapata kusikia hukumu fupi kuliko hiyo, na nimeishi nayo.

Kiangazi kilipokaza, mbwa wa mahameni walianza kula mbuzi. Kisha mchungaji mmoja akaleta habari ya mbwa anayepepesuka, mate yakimning'inia. Kamati ya kijiji ikaamua: Jumamosi bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, aje na bunduki awamalize wote. Sikuwalaumu. Nilikwisha kumwona mtu akifa kwa kichaa cha mbwa, na asiyekiona kifo hicho asiwacheke wanaokiogopa. Lakini mbwa wazima walikuwa wengi kuliko wagonjwa, na mbwa aliyechanjwa ni ukuta kati ya pori na watoto. Kuwaua wazima kwa kosa la mgonjwa ni uvivu uliovaa kanzu ya busara. Nikasimama mkutanoni nikaomba nipewe nafasi ya kuwaleta na kuwachanja kabla ya Jumamosi.

Mwenyekiti alinitazama kuanzia kofia hadi viatu. "Wewe mtoto wa mjini, mtoto wa chuoni, mbwa utamshika vipi? Kwa leso?"

"Atamsomea dua!" mmoja akadakia, na watu wakacheka.

Hata hivyo walinikubalia, kwa sharti moja: mbwa atakayekutwa mahameni Jumamosi bila kamba shingoni, huyo ni wa bunduki.

Nilikwenda peke yangu kwa baiskeli, na mfuko wa vipande vya ugali. Niliwaona: mmoja juu ya kichuguu, wawili kwenye kivuli cha ukuta uliobomoka, mbavu zao zikihesabika. Nilipiga mluzi, nikabembeleza, nikarusha ugali. Walisubiri niondoke ndipo wakaula. Nilirudi jioni mikono mitupu, nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaomba wenye mbwa waje kesho wawaite wenyewe. Huyu mguu ulikuwa unamuuma. Yule alikuwa na zamu ya shamba la ujamaa. Wa tatu alisema hakumbuki kama aliwahi kuwa na mbwa, na mkewe akatazama pembeni.

Aliyenifungulia jambo lile ni mama mmoja mjane. Alikuwa hana mtoto wala ndugu wa karibu. Kwa miaka mingi aliishi ukingoni mwa pori na mbwa wake tu, na fisi hawakuthubutu kumsogelea. Sasa alikuwa akilala huku amekumbatia mchi.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia, nikimwita mama kwa Kinyamwezi.

"Marahaba, mwanangu. Keti." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Watu hawana maumivu ya miguu. Wana aibu ya majina."

Ndipo nilipoelewa. Katika nchi ile mtu mwenye uchungu na jirani yake hakwenda kugombana naye. Aliupeleka uchungu kwenye jina la mbwa. Asubuhi na jioni akamwita mbwa, jirani akasikia ng'ambo ya shamba, na ugomvi ukawa umesemwa bila kusemwa. Majina hayo yalikuwa ya Kinyamwezi. Hapa nayaandika kwa Kiswahili. Mbwa wa mjane aliitwa Nilikula Kwako, kwa maana ya kuuliza: lini? Jina hilo lilimhusu mkulima wa tumbaku aliyetangaza, mwaka wa njaa, kwamba mjane yule aliponea kwenye ghala lake.

"Alinisingizia," mjane alisema. "Nilichimba mizizi porini kwa mikono hii. Lakini tazama alipo sasa."

Nilitazama. Serikali ilikuwa imepanga nyumba kwa mistari, na mlango wa mkulima yule ulikuwa hatua chache kutoka kwake. Mkewe alikuwa akitwanga kwenye kinu cha mjane. Maneno yaliyotupwa mbali, ng'ambo ya mashamba, sasa yangetua usoni mwa mtu. Ndiyo sababu kijiji kizima kilikuwa tayari kuwapoteza mbwa wake kuliko kuwaita.

"Nikimwita naharibu amani," alisema. "Nisipomwita wanamuua. Na yeye hakumtukana mtu. Ni mimi."

Nilimwambia naweza kulieleza jambo hilo mkutanoni bila kumtaja. Alinitazama kwa ukali. "Mdomo ninao."

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya mkutano, mwembamba, kifua kikimbana kwa kikohozi.

"Mbwa wangu anaitwa Nilikula Kwako. Niliyekuwa namwambia yupo hapa na anajijua. Namtaka mbwa wangu kabla ya bunduki."

Mkulima wa tumbaku aliinuka polepole, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe.

"Na mimi wangu anaitwa Shukrani ya Punda," alisema. "Punda mwenyewe ndiye huyo aliyekwisha kusema."

Kicheko kilichopasuka pale kiliwaangusha watu kutoka kwenye magogo waliyokalia. Kisha ikawa kama bwawa limetoboka. "Wangu ni Hamtosheki!" "Kumbe ni sisi?" "Na nani mwingine?" "Wetu ni Mtasema Mchoke, shemeji, usinune!" Mwenyekiti aligonga meza kutaka utulivu, balozi wa nyumba kumi akamnong'oneza ataje na wa kwake. Alikataa, lakini alikuwa wa kwanza kutoka na kamba ya gome la mti.

Nimehudhuria sherehe nyingi na kusikia hotuba nyingi juu ya umoja. Sijaona umoja kama wa asubuhi ile: watu wazima wamesimama kule mahameni, kila mmoja kwenye kifusi cha nyumba yake ya zamani, wakipaza matusi yao ya kale kuelekea miombo, na mbwa wakitoka vichakani, mkia chini kwanza, kisha mbio.

Nilikula Kwako hakutoka. Alisimama mbali juu ya kichuguu, masikio juu. Mjane aliita, kikohozi kikamkata. Akaita tena, sauti haikufika hata nusu ya njia. Aliketi chini akashika kifua.

Mkulima wa tumbaku alikuwa karibu, mbwa wake kwenye kamba. Alimtazama mjane, akatazama kichuguu. Kisha akaweka viganja mdomoni, akaita jina lililomtukana miaka yote ile.

"Nilikula Kwakooo!"

Mbwa alishtuka. Mkulima akaita tena, na tena, mpaka mbwa akashuka, akapita pembeni yake bila kumjali, akaenda kulaza kichwa mapajani mwa mjane. Mkulima akainama na kamba. Alipokuwa akiifunga shingoni, alizungumza na mbwa, si na mtu.

"Hukula kwangu," alisema. "Hata tonge. Nilisema uongo."

Mjane alishika ncha ya kamba aliyopewa, na kwa mkono mwingine akashika mkono wa mkulima, akainuka.

Bwana nyama alikuja Jumamosi akawakuta mbwa wamefungwa kwenye miti, nami nikiwachanja. Aliweka bunduki chini akanisaidia kushika vichwa. Aliitumia mara moja tu, kwa yule mbwa wa mate, na mimi ndiye niliyemwonyesha alipolala. Huruma isiyoweza kufanya hivyo ni hisia tu.

Msimu uliofuata kijiji chetu kiliombwa kupeleka watu wakasaidie kuhamisha kaya nyingine. Nilikwenda nao. Magunia yalipokwisha kupakiwa, dereva alipiga honi, lakini wasaidizi wetu walikuwa wamekaa chini mbele ya magurudumu, na mkulima wa tumbaku na mjane walikuwa kati yao.

"Kuna nini tena?" dereva alipiga kelele.

"Waite mbwa wenu kwanza," mjane aliwaambia wenye nyumba. "Kwa majina yao. Tutaziba masikio."

Lori lile liliondoka mchana, limejaa vinu, kuku na mbwa.