Kopo la Tano

Tata Polycarpe Mbayo wa mtaa wetu wa Kapata ana makopo manne ya filamu chini ya kitanda, na ukiyagusa anageuka mbogo. Ni filamu ya Ulaya ya miaka ile baada ya vita: askari amechelewa kurudi, mke anangoja. Haikupata umaarufu popote, na ndiyo maana wakusanyaji wa filamu za kale wanaitafuta kwa udi na uvumba. Kitu kinachojulikana na wote hawakitaki. Watu wa ajabu kweli.

Zamani za kampuni ya migodi, Polycarpe aliendesha mashine ya sinema ya wafanyakazi, akitutafsiria Kifaransa kwa kipaza sauti. Siku ya filamu hiyo, kopo la tano, la mwisho, lilisahauliwa kwenye treni likaishia stesheni ya Mutshatsha. Polycarpe hakubabaika. Aliacha taa imulike ukuta mtupu, akatutungia mwisho, nasi tukadhani ndio wa kweli: askari anabisha hodi, mke anafungua, bukari, ugali wa kwetu, iko moto mezani. Tulilia kwa furaha. Aliyelia kuliko wote alikuwa msichana mmoja, Louise, na mwaka huo huo akaolewa na Polycarpe.

Majuzi akaja Kabemba, mkusanyaji wa Lubumbashi, na kopo la tano mkononi. Akaomba tuonyeshwe filamu nzima katika ukumbi wa parokia. Polycarpe akaugua ghafla: mgongo, kisha meno, kisha malaria. Mwisho wa kweli hakuujua, na aliogopa Louise agundue kwamba ameolewa kwa uongo. Louise mwenyewe ndiye aliyebeba makopo.

Basi tukaona. Mke hakungoja, aliondoka na mwoka mikate. Mama Mwadi, jirani yetu, akamwambia Kabemba wazi kwamba kopo lake ni la filamu nyingine, asituletee Kapata utapeli wa Lubumbashi. Kabemba aliapa bure. Polycarpe aliinamisha kichwa, jasho likimtoka, nami niliyemcheka tangu asubuhi nikamwonea huruma.

Louise akamshika mkono.

“Tata, mi nilijua tangu zamani. Kaka yangu Ngoy alikuwa anatumika kazi mu gare ya Mutshatsha. Alinyoosha ile filme mu jua, akaangalia picha moja moja, akaniambia yote mbele ya ndoa.”

“Na ukakubali?”

“Nilikubali juu wee haukutaka batu barudie ku nyumba na machozi. Sasa simama, ubaambie mwisho yetu.”

Polycarpe akasimama mbele ya ukuta. Kabemba, mjanja, akawasha simu kurekodi. Askari akabisha hodi, na safari hii aliyeitikia “Karibu!” alikuwa Louise.