Sauti ya Nambari Ishirini na Saba

Ukungu wa huku kwetu, juu ya Roret kwenye vilima vya chai, hauna saa. Alhamisi hiyo saa tisa mchana ulikuwa umeingia mpaka ndani ya stoo, nilikojifungia na vishikwambi vya shule nikijaza rejista ya somo la kompyuta.

Agizo la wizara lilisema kila mtoto, awe wa nani, apate muda sawa wa kujifunza kuandika programu. Vishikwambi vilitosha nusu ya darasa tu. Mimi, kwa ujanja wangu, nikaliweka somo Alhamisi, siku ambayo lori huja kubeba majani na nusu ya watoto hubaki shambani kuchuma chai na mama zao. Waliokuja walipata kila mmoja chake. Wasiokuja niliwawekea tiki. Kwenye ripoti wote walikuwa sawa, na nilijisifu, sikatai.

Nilikuwa nikijaza kimyakimya. Nilipomfikia msichana mmoja mpole wa deski la mwisho, kalamu ilisita. Asubuhi nilikuwa nimemwona akipotelea kwenye ukungu, kikapu mgongoni.

"Ishirini na saba," nikasema peke yangu, nikisoma nambari yake.

"Niko, mwalimu."

Ilikuwa sauti yake. Mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo. Nikaita tena nambari ile.

"Niko, mwalimu," ikarudia, kutoka kwenye rafu.

Nilitoka mbio, na rejista nikaiacha sakafuni.

Kesho yake niliwauliza wanafunzi kuhusu ile sauti. Jirani wa deski wa yule msichana akasimama bila woga. Walimrekodi wakati wa mapumziko, akasema, wakaandika programu ili kishikwambi kikisikia nambari yake kijibu.

"Mwalimu, si wewe humjibia kwenye rejista kila Alhamisi? Tukaona tukifundishe hiki kiwe kinakusaidia."

Hakuwa akinidhihaki. Hilo liliniogopesha kuliko ile sauti.

Nikahamishia somo Jumatatu. Wawili wawili kwa kishikwambi kimoja, kelele, kusukumana kwa viwiko. Ile programu sikujua kuifuta, na niliona haya kuwauliza wanafunzi wangu. Nikaanza kuita rejista.

"Ishirini na saba."

Akasimama, uso umemchangamka. Kabla hajafungua mdomo, kishikwambi kilichokuwa mezani kikamjibia.

Alikitazama, kisha akaketi polepole, na siku hiyo hakusema neno lolote.