Tukutafute Kupitia Nani?

Nina hasira za karibu. Mama yangu alinitangazia hivyo nikiwa mdogo huko Makueni, na kazi niliyoichagua haijanisaidia kupoa. Kazi yenyewe ni kubuni jinsi simu inavyozungumza na mtu: ianze kwa kuuliza nini, itumie maneno gani, na mtu akikosea imrudishe wapi bila kumfanya ajione mjinga. Nimeifanya Nairobi kwa miaka kadhaa, na kwa muda mrefu niliamini kwamba anayejua kubuni ni aliyesomea kubuni. Aliyenitoa ujinga huo ni mama mmoja aliyekuwa akipiga deki na kupika chai katika zahanati ndogo kusini mwa Kitui, mbele kidogo ya Mutomo.

Nilitumwa huko na mpango wa kuwakumbusha wajawazito siku zao za kliniki kwa meseji. Fomu ya kuwaandikisha niliitunga mwenyewe, na ilikuwa na swali moja nililolionea fahari: "Nambari ya simu inayopatikana saa zote." Niliona nimewaza mbali, maana kule simu nyingi huzimika kwa kukosa chaji. Meseji nayo niliipamba. Ilianza na "Hongera mama!", ikataja mimba ina wiki ngapi, kisha tarehe. Tuliijaribu kwanza na wanawake wachache tu. Baada ya majuma mawili, baadhi yao walikuwa wameacha kabisa kuja kliniki, wakiwemo wale ambao kabla ya meseji hawakukosa hata siku moja.

Muuguzi mkuu, kijana mpole wa Kitui mjini, hakujua sababu. Dereva wetu hakujua. Na wenzangu wa Nairobi walitaka meseji zianze kwenda kwa kila mjamzito wa eneo lile Jumatatu iliyofuata.

Nikaitisha kikao. Baada ya maombi niligawa karatasi za kubandika za rangi nne na kalamu nene, nikamwambia kila mmoja achore jinsi anavyoona meseji ingefaa kuwa. Kwetu Ukambani hatukosoi zawadi ya mgeni, na siku hiyo niligundua kwamba hatukosoi hata karatasi zake. Muuguzi alichora simu nzuri sana yenye maneno yangu yaleyale ndani. Dereva aliandika, "Iko sawa tu." Yule mama alipoingia na birika la chai nilimnyooshea karatasi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimi sijui kuchora, mwanangu," akasema. "Mimi ni wa deki."

Mori ulianza kunipanda. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini kuna kuuliza kunakomfunga mtu mdomo, na nadhani huko ndiko nilikokuwa nimefika. Nilizikusanya karatasi zote nikazirudisha mfukoni.

"Basi tuigize," nikasema. "Hakuna wa kuchora."

Dereva, ambaye ni mcheshi, nikamfanya simu. Muuguzi akawa baba mkwe, maana simu ya boma mara nyingi ni ya mzee. Ikabaki nafasi ya mke wa kijana wake, yule mjamzito, nikamsihi mama aweke birika chini atusaidie. Alikubali kwa kuona haya, akaketi kwenye kigoda kama mtu aliye jikoni kwake. Dereva akalia, "Tii! Tii!", tukacheka. Kisha akasimama mbele ya muuguzi na kuyakariri maneno yangu kwa sauti ya mtangazaji wa redio: "Hongera mama! Mimba yako sasa ina wiki..."

Mama akainuka, akachukua birika lake, akatoka nje.

Nitasema ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi ni kuudhika. Niliona amenidharau mbele ya watu. Nilimfuata hadi nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji, nikamkuta anasuuza vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa amevinywea. Hasira ikaniisha palepale.

"Mwaitu, nimekukosea?" nikamuuliza. Ndivyo tunavyomwita mama yetu kwa Kikamba, na mama wa rika lake pia.

Alisuuza vikombe viwili zaidi.

"Hiyo si mchezo," akasema. "Hiyo ilifanyika kwangu."

Mwanawe yuko kikazi Mlolongo, mji wa karibu na Nairobi, akanieleza, na mke wake mwenye mimba ya kwanza anaishi nao bomani. Fomu yangu ilipomtaka atoe nambari inayopatikana saa zote, msichana alijibu kwa uaminifu. Katika boma lile simu isiyozimika ni moja tu, ya baba mkwe, kwa kuwa mzee ndiye mlinzi wa sola. Meseji ikaingia mchana. Macho ya mzee yamefifia, na msichana ndiye msomaji wa boma zima, hata Biblia yeye ndiye humsomea. Akamwita, akampa simu. "Nisomee, mwanangu."

Msichana aliitazama, akaiweka juu ya kigoda, akaondoka bila neno. Mzee akajua ni msiba. Alipiga kelele kwamba kijana wake amekufa huko Mlolongo, majirani wakaja mbio, na mmoja wao akaiokota simu akaisoma kwa sauti mbele ya umati. "Hongera mama."

"Wewe ni Mkamba," mama akaniambia. "Nthoni unaijua."

Naijua. Ni ile heshima yenye haya ndani yake, inayowatenga wakwe. Mke wa kijana na baba mkwe hawatajiani mambo ya mwili, hata kama tumbo limetangulia mlangoni. Tumbo huonekana, halisemwi. Nilikua nikimwona mama yangu akijifunga leso upya na kupisha njia kila babu yangu alipotokea. Nilikuwa nayajua hayo yote, ila nilipoketi kwenye kompyuta niliyasahau kama mtu aliyeacha mwavuli nyumbani.

"Mzee alikataa kula kwangu siku mbili," mama akaendelea. "Msichana naye akabeba nguo zake, akaenda kwao, huko Kibwezi. Kliniki moja imepita. Ingine ni Jumanne ijayo, na yeye ana presha. Daktari alisema hiyo asikose. Mimi silali, mwanangu."

"Lakini mbona hukutuambia? Unatuletea chai kila siku."

"Hamkuniuliza. Mliniuliza tu kama kuna sukari."

Niliketi kwenye jiwe kando ya tangi na kulia. Sikulia kwa ajili ya msichana peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekitandika kitanda cha wenyewe, nikakishonea hata mito, bila kumwuliza anayelala hapo.

Tulirudi ndani pamoja. Mara hii sikumpa mtu kalamu. Nilimwomba mama atupange, nami nikakaa pembeni niandike atakayosema. Aligeuka mwingine kabisa. Alimwondoa muuguzi, baba mkwe wetu, pale mbele akampeleka nje, eti kwa mbuzi wake. Alimwambia dereva apunguze sauti, hapa si mnadani. Mara tatu alimfanya aanze upya, kama msukaji wa vikapu afumuaye safu ya kiondo iliyokwenda upande.

"Meseji isiseme ni nini," akaniambia. "Iseme siku. Na iongee na mtu mzima."

Mwishowe simu yetu ilisema hivi: "Mwambie msichana wetu Jumanne tunamngoja." Muuguzi akaguna na kusema hata yeye angependa kungojwa hivyo.

Nikamsomea lile swali langu la fahari. Alilisikiliza akitikisa kichwa.

"Usiulize simu gani inapatikana. Simu haijui heshima. Muulize mwenyewe, tukutafute kupitia nani?"

Nairobi waliposikia kwamba tunaahirisha Jumatatu kwa neno la mpiga deki, nusura simu ipasuke. Siku hiyo hasira zangu za karibu zilipata kazi ya maana. Wakakubali kungoja.

Jumamosi dereva alitupeleka Kibwezi, mama na mimi, kwa barabara ile ya kuvuka mto Athi. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na magotini amepakata sukari, majani ya chai na leso mpya. Aliogopa msichana angekataa hata kutoka ndani, nami niliogopa hivyohivyo. Tulipofika, mama wa msichana alitupokea kwa adabu, akatupa muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, na pojo nyingi ndani, tukala. Kisha msichana akatoka, akaketi mbali kidogo akitazama miguu yake, ambayo ilikuwa imevimba.

Nilimwomba msamaha. Nilimwambia yale maneno yalikuwa yangu, si ya mkwe wake wala ya zahanati. Halafu nikatoa fomu mpya na kumwuliza swali ambalo sikulitunga mimi.

"Tukutafute kupitia nani?"

Msichana aliitazama fomu. Kisha akainua kidevu, akamwelekezea mama mkwe wake.

"Huyu," akasema.

Mama, aliyekuwa hajui kuchora, alininyang'anya kalamu. Aliiandika nambari yake kwa mkono wake mwenyewe, tarakimu kubwa zilizotoka nje ya mstari, huku machozi yakimdondoka juu ya fomu. Fomu hiyo ninayo mpaka leo, na wino wa tarakimu mbili umetanda.

Msichana alirudi nasi jioni ileile. Jumatatu nilikuwa bomani kwao kuona meseji yake, hiyo moja tu, ikiingia. Simu ya mama, kabambe ndogo ya vibonye yenye ufa, ilikuwa imechomekwa kwenye sola. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuchajiwa siku hizo, na mzee hakuwa ameombwa na mtu. Ilipolia aliichomoa, akaiweka polepole juu ya kigoda bila kuitazama.

"Simu yako inakuita," akamwambia mkewe. Kisha akaenda kutazama mbuzi ambao walikuwa wametulia zizini, na hakugeuka nyuma.

Msichana aliichukua akamsomea mama mkwe wake, kwa sauti, na hapakuwa na neno hata moja alilohitaji kulimeza. Mama akanitazama.

"Hayo ni yangu," akasema.

Jumanne walifika zahanati pamoja, kabla ya muuguzi, kabla yangu. Nilimkuta msichana kwenye benchi. Alikuwa ameinua miguu yote miwili, ili mama mkwe wake apige deki chini yake.